Saa tisa ya Jumamosi: Waingereza hawalilii televisheni

Desemba 26, 2025, siku ambayo Waingereza huiita Boxing Day, Ligi Kuu England ilikuwa na mechi moja tu. Manchester United waliwakaribisha Newcastle pale Old Trafford saa mbili usiku kwa saa za kwao, saa tano usiku kwa saa zetu, wakati pilau la sikukuu limeshapoa na kibanda umiza kimebaki na wale wasio na haraka ya kurudi nyumbani. Mechi nyingine tisa za raundi hiyo zikasukumwa siku za mbele. Kelele zilizopigwa huko zilitufikia hadi huku, na jinsi tulivyozipokea ndiko kulikonisukuma kuandika. Vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp hukumu ilikuwa moja: Waingereza wamedekezwa. Wana ligi yenye fedha kuliko zote duniani, wana mechi karibu kila siku ya wiki, halafu wanalia kwa sababu sikukuu moja imepata mechi moja? Wengine wakaongeza kicheko juu yake: watu hawa hawa bado wana marufuku ya kuonyesha mubashara mechi za Jumamosi saa tisa alasiri, kiasi kwamba kijana wa Tandale anaiangalia mechi ambayo mtu anayeishi mtaa wa nyuma ya uwanja haruhusiwi kuiona sebuleni kwake.

Nadhani tumewasoma vibaya, na si sisi tu. Hata London wapo wanaoisoma habari hii hivyo hivyo. Mpira wa kwenye skrini upo tele Uingereza kuliko wakati wowote, na hakuna anayeulilia. Kinacholiliwa ni matembezi. Ni ile saa inayojulikana na kila mtu, ambayo unaweza kuipangia siku nzima, nauli, watoto, babu na shemeji, miezi kadhaa kabla. Na nina neno la pili ambalo halitawafurahisha wapenda mila: ile marufuku iliyowekwa kuilinda saa tisa ndiyo leo inayoimaliza.

Tuanze na saa yenyewe. Jibu la kwa nini saa tisa liko kiwandani kabla ya kuwa uwanjani. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Viwanda iliyotaka wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana kila Jumamosi, na kwa kuwa mitambo haiendi na nusu ya watu, wanaume nao wakajikuta nje ya geti. Watu wa kazi za mikono wakapata alasiri moja kwa wiki iliyo yao, tena wote kwa pamoja. Hesabu ya saa tisa inatoka hapo: saa nane unatoka, unanawa vumbi la pamba, unatia kitu tumboni, unatembea kwa miguu na wenzako hadi uwanjani. Desemba na Januari, kabla taa za viwanjani hazijaenea miaka ya 1950, walianza mapema kidogo ili giza lisiwakute, lakini mazoea yalikuwa yameshajengeka. Ligi ilipoundwa mwaka 1888, klabu zake 12 zilitoka Lancashire na mikoa ya katikati ya England, ukanda wa viwanda. London haikuwa na hata moja.

Huwezi kuielewa saa tisa bila kuelewa kwamba starehe yote ya Mwingereza wa kawaida ilijengwa juu ya wazo hilo la kupumzika kwa pamoja. Lancashire ilikuwa na desturi iliyoitwa wiki ya Wakes. Mji mzima wa viwanda ulifunga milango kwa wiki moja, boila zikazimwa, na watu wakapanda treni kwenda Blackpool kuona bahari. Wiki iliyofuata zamu ikawa ya mji mwingine. Mtu wa Oldham alivuka nchi kukimbia makelele ya mtaani kwake, akajikuta amekaa mchangani karibu na jirani yake wa nyumba ya tatu. Kwa macho ya leo hiyo si likizo. Kwao ndiyo ilikuwa likizo hasa, kwa sababu kupumzika peke yako wakati wenzako wako kazini ni upweke tu wenye jina zuri. Sheria ya mwaka 1871 iliyoanzisha sikukuu za mabenki ndiyo iliyoifanya Desemba 26 kuwa siku ya mapumziko kisheria, lakini mpira ulikuwa umeshafika hapo kabla yake. Sheffield FC na Hallam, klabu mbili zinazohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote duniani, zilikutana Desemba 26, 1860. Sikukuu za Krismasi mwaka 1920 watu 53,000 waliingia Goodison Park kuangalia timu ya wanawake ya Dick, Kerr ikicheza na St Helens, na mwaka uliofuata chama cha soka cha England, FA, kikawapiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zake. Na Boxing Day ya 1963 ndiyo wazee wanayoitaja mpaka leo: mechi 10 za daraja la kwanza, mabao 66. Fulham waliwachapa Ipswich 10-1. Blackburn walikwenda kwa West Ham wakashinda 8-2.

Ratiba ya siku hiyo ilikuwa na akili ambayo wageni hatuioni. Boxing Day treni karibu zote nchini hazitembei. Kwa hiyo desturi ilikuwa kupanga timu zisizokaa mbali, shabiki aweze kwenda na kurudi kabla chakula kilichobaki jana hakijaisha. Sasa rudi kwenye mechi ya Old Trafford. Kutoka Newcastle hadi Manchester kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200. Mechi inaanza saa mbili usiku, inaisha karibu saa nne, hakuna treni, na barabara inayovuka milima ya Pennines katikati ya majira ya baridi haibembelezi mtu. Kwenye televisheni ilikuwa mechi nzuri ya sikukuu. Kwa shabiki wa Newcastle aliyeikata tiketi ilikuwa safari ya kurudi nyumbani saa nane za usiku. Ligi ilijitetea kwamba michuano ya Ulaya imepanuliwa na Kombe la FA limetengewa wikendi zake, ikabakiwa na wikendi 33 za kuchezea raundi 38. Utetezi huo ni wa kweli. Unaeleza kwa nini mechi zilihama, ila hauelezi kwa nini hiyo moja iliyobaki ikawekwa saa mbili usiku.

Kuhusu marufuku yenyewe, chanzo chake ni woga. Septemba 1960 kituo cha televisheni cha ITV kilijaribu kuonyesha mubashara mechi ya ligi, Blackpool na Bolton, na majaribio yakafa baada ya klabu kubwa kukataa kamera. Mwaka 1964 BBC ikaanza kuonyesha marudio mafupi Jumamosi jioni. Hapo ndipo anapoingia Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, muuza nyama kwa kazi yake, mtu wa msimamo mkali aliyezizuia kamera za BBC kuingia uwanjani kwake kwa miaka kadhaa. Hoja yake iliwashika wenyeviti wenzake: Jumamosi alasiri mtu akiweza kuiona Liverpool akiwa kwenye kochi, nani ataenda kuiangalia timu ya mji wake kwenye mvua? Hadi leo, kuanzia saa nane na dakika 45 hadi saa kumi na moja na robo jioni ya Jumamosi, kwa kawaida hakuna mechi ya mpira inayoruhusiwa kuonyeshwa mubashara ndani ya Uingereza. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, linazipa nchi wanachama haki ya kufunga dirisha hilo la saa mbili na nusu, na zinazoitumia ni chache sana.

Kwa miongo mingi marufuku haikumsumbua mtu, maana mechi za kuonyesha zilikuwa chache. Ligi Kuu ilipoanza mwaka 1992, televisheni ya kulipia ya Sky ilionyesha mechi 60 kwa msimu kati ya 462. Nyingi kati ya zilizobaki zilichezwa Jumamosi saa tisa kama kawaida. Mkataba mpya ulioanza msimu wa 2025/26, wenye thamani ya pauni bilioni 6.7 kwa miaka minne, unaipa Sky mechi zisizopungua 215 na mwenzake TNT mechi 52. Msimu una mechi 380. Toa, gawanya kwa raundi 38, na utaona kwamba kwa wastani zinabaki chini ya mechi tatu kwa raundi ambazo hazina kamera za nyumbani. Hapa ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa mechi iliyonunuliwa haiwezi kuonyeshwa saa tisa, kila mechi inayonunuliwa lazima iondolewe saa tisa. Ijumaa usiku, Jumamosi saa sita na nusu mchana, Jumamosi saa kumi na moja na nusu, Jumapili saa nane, Jumapili saa kumi na nusu, Jumatatu saa mbili usiku. Bob Lord alijenga ukuta kuizunguka saa tisa ili wezi wasiingie, na wenye nyumba wakahama mmoja mmoja kwa sababu ukuta hauna mlango.

Katika hoja zote zinazotolewa kuhalalisha kuhamahama huku, ipo moja dhaifu kuliko zote, na inatuhusu. Inasemwa kwamba ligi sasa ni ya dunia nzima, na saa hubadilishwa ili sisi tulioko Dar, Nairobi, Lagos na Singapore tupate kuona. Sijui nani alitutuma tuliombe hilo. Jumamosi saa tisa ya England ni saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni Afrika Mashariki, kutegemea kama wao wamesogeza saa zao au hawajasogeza. Kama kuna wakati mzuri kuliko huo wa kukaa kibandani, sijauona: kazi za Jumamosi zimeisha, jua limelegea, na mechi inakwisha kabla mama hajaanza kupiga simu. Tena marufuku haituhusu; king'amuzi chetu kinaonyesha mechi za saa tisa zote, na za saa tisa ndizo zinazokufanya uhame chaneli hadi kidole kichoke. Sasa chukua Jumatatu saa mbili usiku. Kwetu ni saa nne au saa tano usiku na kesho kuna kazi. Singapore ni saa tisa au saa kumi za alfajiri. New York ni saa tisa alasiri, mtu yuko ofisini. Saa hiyo inamfaa mtu mmoja tu duniani, yule aliyelipia kifurushi cha Sky kule kule Uingereza. Saa sita na nusu mchana ya Jumamosi, nakubali, inaifaa Asia. Zilizobaki ni biashara ya nyumbani iliyobandikwa nembo ya wageni.

Hoja ya pili, kwamba marufuku haizuii kitu kwa sababu watu huiba matangazo, ina uzito zaidi. Mwenye baa mmoja wa Portsmouth, Karen Murphy, alichoka kulipia bei ya Sky akanunua kadi ya king'amuzi cha Ugiriki, akawaonyesha wateja wake mechi kwa sauti ya Kigiriki. Akashtakiwa na kutozwa faini. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba kumzuia mtu kununua kadi ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya kunavunja uhuru wa soko, na hukumu dhidi yake ikafutwa mwaka uliofuata. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa akili ya mama huyu. Nani asiyemjua jirani mwenye dishi lililoelekezwa upande usioeleweka? Aliyetoa ushauri wa kisheria kwa mahakama hiyo, Juliane Kokott, alieleza wazi mashaka yake kama kufunga matangazo kunawaleta watu viwanjani kweli, akataja ligi kubwa za Ulaya zinazoishi bila marufuku hiyo.

Kubwa kati ya hizo ni ya Ujerumani, na nashangaa Waingereza wanavyoikwepa wakijadili jambo hili. Ujerumani mechi zote za Bundesliga huonyeshwa mubashara. Kwa nadharia ya Bob Lord, viwanja vyao vilitakiwa kuota majani. Badala yake ni miongoni mwa ligi za soka zinazojaza watu wengi zaidi kwa wastani duniani. Na Jumamosi saa tisa na nusu alasiri kule bado iko hai: mechi nne au tano huanza kwa pamoja, na televisheni ina kipindi kinachoruka kutoka uwanja hadi uwanja kila bao linapofungwa. Saa haikulindwa na sheria ya kuzima televisheni. Imelindwa na watu. Ligi yao ilipoleta mechi chache za Jumatatu usiku, mashabiki wa Frankfurt walirusha mipira ya tenisi uwanjani Februari 2018, na wiki iliyofuata Dortmund wakacheza na Augsburg mbele ya watu takribani 54,000 katika uwanja unaochukua zaidi ya 81,000. Kwa Dortmund viti vitupu ni kama msiba. Mwaka huo haujaisha, ligi ikatangaza kwamba mechi za Jumatatu zitafutwa kuanzia mkataba uliofuata, na kuanzia 2021/22 hazikuwepo. Klabu ambazo wanachama ndio wenye kura nyingi hulazimika kusikia. England kura ziko kwa tajiri wa mbali, na shabiki amebakiwa na kuzomea.

Bado sijamjibu Bob Lord katika hoja yake ya dhati, ile ya klabu ndogo, na hiyo haijibiwi kwa mfano wa Dortmund. Chini ya Ligi Kuu kuna klabu 72 za EFL, yaani za madaraja matatu yanayofuata, na chini ya hizo mamia mengine ya klabu zinazoishi kwa kiingilio, chai na bahati nasibu ya mapumziko. Jumamosi moja ya Januari niliwahi kuwa katika mji mdogo wa Lancashire, nikaenda kuangalia timu yao kwa sababu tu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mzee aliyekaa kwenye kibanda cha mbao alipokea sarafu zangu kwa glovu zilizokatwa vidole, akazitia kwenye kopo la biskuti, akaniangalia vizuri na kuniuliza, "Umetoka mbali kote huko kuja kuteseka?" Ndani tulikuwa labda watu 150 na mbwa watatu. Pai ya nyama na viazi ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kaakaa, na chai ilikuwa nyeusi kama ya msibani. Mpira ulivuka ukuta ukaangukia bustani ya mtu, mtoto akatumwa kugonga mlango. Ilipofika mapumziko nikaona uwanja mzima unahama, wazee, watoto na mbwa, kutoka nyuma ya goli hili kwenda nyuma ya goli lile, kwa sababu kipindi cha pili timu yao itashambulia upande ule. Hakuna aliyewaamrisha. Kwenye viwanja vikubwa vya viti vyenye namba jambo hilo haliwezekani tena. Baada ya msiba wa Hillsborough wa Aprili 1989, uliokuja kuua watu 97, madaraja ya juu yalilazimishwa kuweka viti kila mahali, na kwa sababu za kutosha.

Je, watu wale 150 wangekuwepo kama mechi ya Liverpool ingekuwa mubashara muda ule ule? Jibu langu la kwanza ni ndiyo, kwa sababu mchana ule ule tayari walikuwa wameikosa ya saa sita na nusu na wangeikosa nusu ya ile ya saa kumi na moja na nusu. Hawakuja kuangalia toleo la bei rahisi la Ligi Kuu. Walikuja kukutana na watu wao. Lakini jibu langu la pili halina uhakika huo, na linatoka nyumbani. Wakenya wa rika langu watakuambia jinsi viwanja vya Nairobi vilivyopwaya tangu mechi za England zilipoanza kuingia kwa setilaiti, mji ule ule uliojaza Kasarani mwaka 1987 Gor Mahia walipochukua Kombe la Washindi Afrika. Kwa tafsiri hiyo sisi ndio ushahidi mkubwa wa Bob Lord: nchi zisizo na ukuta wowote, zilizofunguliwa milango zote, na mashabiki wakahamia kwenye skrini.

Ushahidi huo nauheshimu, ila unasema nusu ya habari. Televisheni ile ile iko Tanzania, na tunaipenda Arsenal kwa wazimu ule ule, lakini Simba na Yanga wakikutana, Uwanja wa Mkapa wa watu 60,000 hujaa, na mechi inaonyeshwa mubashara na Azam. Kilichoviua viwanja vya Nairobi ni pamoja na viwanja vyenyewe kufungwa kwa ukarabati usioisha, vurugu, na viongozi wa chama waliokuwa na shughuli nyingine. Televisheni iliwakuta watu wameshaanza kutafuta mlango. Na tunajua jinsi ratiba isiyoaminika inavyoumiza. Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo iliahirishwa siku ile ile ya mechi, mashabiki wa mikoani wakiwa wameshafika Dar na jezi zao. Mwulize mmoja wao kama alichokikosa ni dakika 90 za mpira. Atakuambia nauli, ruhusa aliyoomba kazini, wenzake aliosafiri nao basi moja wakiimba usiku kucha.

Wapo pia wanaosema, na hawa nawasikiliza kwa makini, kwamba saa tisa ya Jumamosi ilikuwa ya mwanaume wa kiwandani, na kiwanda kimeshakuwa majumba ya kupangisha. Nesi, muuza duka, mwendesha pikipiki wa kupeleka vyakula, wote Jumamosi wako kazini. Kwa nini waabudu saa iliyowekwa na sheria ya 1850? Hoja ni nzuri mpaka uangalie anayeumia saa zikihama. Mwenye kazi ya zamu ndiye anayehitaji kujua mapema kuliko wote. Hawezi kuambiwa wiki chache kabla kwamba mechi ya Jumamosi imekuwa ya Jumatatu, wakati zamu zimepangwa na tiketi ya treni ya bei nafuu imenunuliwa na hairudishiki. Anayeweza kuhama na ratiba ni mwenye muda na fedha, ndiyo maana viwanja vya Ligi Kuu vinajaa zaidi ya asilimia 95 na bado watu wanasema vimebadilika. Viti havijapungua watu. Waliokaa ndio si wale. Mwaka 2024 Manchester United walipopandisha bei katikati ya msimu hadi pauni 66 kwa tiketi zilizobaki, bila punguzo la watoto wala wazee, ujumbe ulieleweka kuhusu nani anatarajiwa kuja.

Kwa hiyo ningekuwa nashauri, ningesema waiondoe marufuku na waifunge saa. Televisheni iruhusiwe kuonyesha saa tisa, na badala yake idadi ya mechi zinazoweza kuhamishwa kutoka saa tisa iwekewe kikomo, na tarehe ya mwisho ya kutangaza mabadiliko iwe na adhabu: klabu au televisheni ikichelewa, ilipe nauli zilizopotea za mashabiki wa ugenini. Fedha haitakimbia, mechi tano kwa pamoja zinaweza kuuzwa kama Wajerumani wanavyoziuza. Klabu ndogo zikatiwe fungu maalumu kutoka kwenye mkataba huo, maana hatari kwao ni ya kweli na haifai wabebeshwe peke yao. Sitarajii hayo kabla ya 2029, mkataba wa sasa utakapoisha, na hata hapo watakaokaa mezani ni watu ambao hawajawahi kushika treni ya mwisho. Serikali ya Uingereza imeunda chombo huru cha kusimamia soka kwa sheria ya mwaka 2025, na sheria hiyo inazitaka klabu ziwashirikishe mashabiki katika mambo kadhaa. Tutaona kama saa ya kuanza mechi itahesabiwa kuwa jambo.

Kipimo cha kwanza hakiko mbali. Baada ya kelele za mechi moja, ligi ilitoa ahadi kwamba Boxing Day ya mwaka 2026 itakuwa na mechi zaidi, kwa kuwa Desemba 26 itaangukia Jumamosi. Huku kwetu tutawasha televisheni, na kama zitaanza saa tisa yao tutaziona zote, saa kumi na mbili jioni, na wao hawataona hata moja isipokuwa waende. Wengi wao wangelifurahia hilo. Lakini ahadi ilitaja siku tu. Saa haikutajwa, na siku hiyo treni hazitatembea.